Mkaja wa Ulimi wa Shangazi

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, maana si ile ya wanyama kusema. Ni hii ya juzijuzi, ambayo simu zilishafika mashambani na watu bado walipiga kelele kuongea nazo. Hapo basi palikuwa na msichana wa Handeni aitwaye Mwajabu binti Semgaya. Mwajabu alichaguliwa kwenda chuo kikuu. Mtaa mzima ukafurahi, kisha mtaa mzima ukauliza anakwenda kusomea nini, na furaha ikaingia mushkeli.

Akawaambia anakwenda kusomea ubongo. Sayansi ya ubongo na neva, shahada ya kwanza.

Wakamwuliza kama atakuwa daktari. Akasema hapana. Wakamwuliza kama basi atatibu wenye wazimu. Akasema hapana, shahada hii haimtibu mtu, inakufundisha ubongo unavyofanya kazi. Wakamwuliza kwani ubongo wao haufanyi kazi mpaka mtu akausomee. Baba yake, Mzee Semgaya, alivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

Aliyemtetea alikuwa shangazi yake. Shangazi Mwantumu alikuwa na mdomo, jamani. Mwanamke yule alikuwa akisimama kwenye foleni ya maji, foleni inajinyoosha. Hakuwahi kushindwa na mtu kwa maneno tangu azaliwe, na waliojaribu walihama mtaa. Mama wa kina Mwajabu alifariki Mwajabu akiwa hajaota meno, na dada yake Sauda akiwa ndiyo kwanza anajua kufunga viatu, na Shangazi Mwantumu ndiye aliyewabeba, akawalisha, akawachapa, akawasomesha. Siku ile alisimama katikati ya uwanja akasema, "Mwacheni asome ubongo. Atakapomaliza atakuja kuwatafutia nyie wa kwenu."

Basi Mwajabu akaenda. Mwaka wa kwanza alisoma majina ya sehemu za ubongo, magumu kuliko majina ya mitume. Mwaka wa pili walikwenda buchani kuomba vichwa vya mbuzi kwa ajili ya maabara, na yeye na wenzake wawili wakawa kundi moja la mazoezi. Wa kwanza alikuwa Tumpe, msichana wa Tukuyu, mcheshi, mvivu wa kuamka, mwenye masikio ya kusikia mtu akimenya chungwa chumba cha tatu. Wa pili alikuwa Kupaza, kijana wa Korogwe, aliyekuwa akisoma hata maandishi ya kwenye boksi la dawa ya meno. Darasani hakuna aliyemfikia. Wakazoeana, wakala pamoja, wakafaulu pamoja.

Mwaka wa tatu, Shangazi Mwantumu akaanguka uani akianika mihogo. Kiharusi.

Hospitali walimpigania, akapona kifo. Alirudi nyumbani mkono wa kulia umelegea na akiburura mguu kidogo. Akili ilikuwa yake yote. Macho yake yalikufuata na kukuelewa, ukimdanganya alijua, ukimchekesha alikunja uso asicheke. Lakini maneno yalikuwa yamekwenda. Katika maneno yote ya mdomo ule lilibaki moja tu, "Jumatatu."

Ukimwambia shikamoo, Jumatatu. Ukimpa mchuzi uliozidi chumvi, Jumatatu, na sahani inasukumwa. Ukimwuliza anaitwa nani, anafikiri, anahangaika, jasho linamtoka, kisha Jumatatu. Mzee Semgaya akaamua kwamba dada yake anataka harusi ya Sauda ifungwe Jumatatu. Akavaa kanzu akaenda kuwaambia upande wa bwana harusi. Wale wakashangaa, nani anaoa Jumatatu watu wakiwa kazini? Ilibidi mzee arudi tena kuomba radhi.

Maana ilikuwepo harusi, na hapo ndipo palipouma. Katika ukoo wa kina Semgaya mlango wa harusi una mwenyewe. Msafara wa bwana harusi unapofika, mlango unakuwa umefungwa, na nyuma yake amesimama shangazi wa bibi harusi. Yeye ndiye anayeuliza ni nani wanabisha. Yeye ndiye anayeuliza wamekuja na nini. Na yeye ndiye anayesema ingieni. Asiposema, hakuna anayeingia, hata kama sheikh ameshakaa na pilau imeshapoa. Ilikuwa hivyo kwa mabibi zao.

Mzee Semgaya akasema ataitwa shangazi mwingine, binamu yake wa Kilindi. Sauda akasema hapana. Aliyemlea ndiye atakayeshika mlango wake, na kama haushiki, basi watazeekea ndani wote wawili. Wakati huohuo bwana harusi alikuwa amehamishiwa kazi Sumbawanga, na baada ya mavuno angeondoka, awe na mke au asiwe naye. Wazazi wake walikuwa watu wa Tabora, wastaarabu, wakasema watasubiri mpaka mavuno. Zaidi ya hapo, kila mtu alielewa, ndoa haipo.

Kisha watu wote wakageuka wakamtazama Mwajabu. Si ndiye aliyesomea ubongo? Basi ubongo huu hapa.

Mwajabu alikuwa amepata nafasi ya mazoezi kwa vitendo kwenye hospitali kubwa ya mjini, nafasi ambayo nusu ya darasa waliigombania. Aliiacha. Akamwambia Kupaza aichukue, naye Kupaza akaichukua, akashukuru sana. Mwajabu akafunga begi akarudi Handeni likizo nzima, na Tumpe akamfuata, maana Tukuyu ni mbali na Tumpe alikuwa amesikia habari za pilau ya harusi.

Begini Mwajabu alikuwa na picha. Zilikuwa picha za kupimia maneno, alizotoa nakala kwenye kitabu cha darasani: unamwonyesha mgonjwa picha, anataja jina, nawe unajua kilichobaki na kilichokwenda. Akamkalisha Shangazi Mwantumu mkekani, watu wa nyumbani wakajaa mlangoni, akaanza. Akamwonyesha nyumba ya barafu. Jumatatu. Akamwonyesha ndege mnene wa nchi za baridi, asiyeruka. Jumatatu. Akamwonyesha ala moja ya muziki ya Ulaya, mfuko wenye mabomba yanayotoka pande zote. Shangazi aliitazama ile ala kwa muda mrefu, akamtazama Mwajabu, akasema Jumatatu kwa sauti ya kumhurumia.

Mwajabu akakusanya picha zake. Ili asilie alijifanya mhadhiri. Akawaambia watu wa nyumbani, kwa maneno marefu ya darasani, kwamba sehemu ya maneno imekufa na maneno hayapo tena. Sauda akaanza kulia. Mzee Semgaya akavua kofia. Naye Shangazi Mwantumu, aliyekuwa ameelewa kila neno, akajigeuza pale mkekani akautazama ukuta.

Mwajabu aliuona ule mgongo. Alijua kosa lake palepale, alijua kwamba hukumu ile haikuwa ya kutolewa mbele ya mwenyewe, na aliona aibu ambayo haikumwachia hata hamu ya kula.

Asubuhi Tumpe alikuwa uani akifua. Shangazi Mwantumu alikuwa nyuma ya jiko, peke yake, akichambua maharage kwa mkono wa kushoto. Na alikuwa akiimba. Aliimba chinichini, wimbo wa kubembelezea watoto, ule aliowaimbia kina Sauda:

*Kunguru kaiba sabuni,*
*nani atafua kanga?*

Tumpe akaacha kufua. Akasikiliza. Akaingia ndani mbio, povu limemjaa mpaka viwikoni, akawauliza watu wa nyumbani kama wanasikia. Wakamwambia wanasikia. Huyo huimba hivyo tangu atoke hospitali, wakadhani ni maradhi yamempanda kichwani, na ndiyo maana huwa wanafunga mlango wa jiko ili majirani wasijue.

"Kasema kunguru," Tumpe akasema. "Kasema sabuni, kasema kanga. Mtu asiye na maneno, haya ameyatoa wapi?"

Tumpe hakuishia hapo. Akazichukua zile picha akamwonyesha Mzee Semgaya. Yule ndege, mzee alisema ni bata aliyevaa koti. Ile nyumba ya barafu, alisema ni tanuri la matofali. Ile ala ya muziki alisema ni mbuzi aliyevimba, tena achinjwe haraka. Tumpe akaziweka picha chini, akasema kwa kipimo hiki nyumba nzima ina kiharusi. Mwajabu akacheka huku machozi yanamtoka.

Wakampigia simu Kupaza. Siku ya pili akaomba ruhusa kule hospitali, akaja na pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi, kitabu kwapani. Alikuwa amekesha na kitabu na alikuwa amemsumbua mhadhiri wao. Akawaeleza watu wa nyumbani kwa lugha ya kueleweka. Njia ya kusema, akasema, mara nyingi hupita upande wa kushoto wa ubongo, na kwa Shangazi njia hiyo imekatika. Wimbo una njia zake nyingine, na nyingi ziko upande wa kulia, nao ni mzima. Basi maneno ya harusi yavikwe wimbo. Yapitishwe upande wa kulia, huku mtu akimgonga Shangazi mkono wa kushoto polepole, pigo kwa kila silabi. Akishayazoea, wimbo upunguzwe kidogo kidogo mpaka yabaki maneno.

Akakaa chini na Tumpe, wakakata maneno ya mlangoni yaingie sawasawa kwenye ule wimbo wa kunguru. Yakatoka hivi:

*Nani wabisha mlangoni,*
*mna nini cha kutupa?*

Na la kufungulia: *Ingieni kwa salama.*

Kisha Kupaza akaimba mwenyewe kuonyesha. Sasa Kupaza, pamoja na akili zake zote, Mungu alikuwa hajampa sauti. Kuku walihama uani. Shangazi Mwantumu alijizuia, akajizuia, akashindwa. Akacheka mpaka akashika ubavu, kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

Kupaza akarudi hospitalini kwake. Tumpe akakaa kidogo, kisha dada yake akajifungua Tukuyu, naye akaenda, akiapa kwamba harusini atakuwepo. Akabaki Mwajabu.

Asubuhi baada ya chai, Mwajabu alikaa mkekani mbele ya shangazi yake, akamshika mkono wa kushoto, akaugonga na kuimba. Jioni baada ya kupika, akakaa tena, akaugonga na kuimba. Shangazi alianza na mlango akaishia kwa kunguru. *Nani wabisha*, anaanza vizuri, nyumba nzima inaacha kupumua, kisha *atafua kanga*. Wanarudia. *Mna nini*, halafu *kaiba sabuni*. Wanarudia. Siku nyingine Shangazi alikasirika na mdomo wake mwenyewe akatupa mwiko, na mwiko ukampata Mwajabu begani. Mwajabu aliuokota, akaugongea huo huo mwiko kwenye sufuria, pigo kwa kila silabi, wakaendelea. Kuna siku alikwenda kulilia chooni. Alitamani angekuwa kule hospitali kubwa na koti jeupe kama wenzake, akajichukia kwa kutamani hivyo, akanawa uso akarudi mkekani. Mahindi yakakauka mashambani. Yakavunwa.

Siku moja asubuhi Sauda alirudi kutoka sokoni akabisha hodi, kama kawaida yake. Kutoka ndani ikaja sauti nyembamba, ya kuyumbayumba, ikiimba peke yake: *Nani wabisha mlangoni?* Sauda akaangusha kapu la nyanya. Hawakuziokota mpaka kuku walipozifikia.

Harusi ikatangazwa, na safari hii haikuwa Jumatatu.

Siku ilipofika, Tumpe alikuwepo na Kupaza alikuwepo. Msafara ukaja na ngoma yake, ukaukuta mlango umefungwa kama inavyopasa. Mbele ya msafara alikuwa mshenga, Mzee Mihayo, Mnyamwezi wa Tabora, na Wanyamwezi na Wazigua wa Handeni ni watani, kwa hiyo mzee alikuja na kinywa chake kimenolewa. Akabisha. Ndani, Shangazi Mwantumu amesimama amevaa kanga mpya, Mwajabu pembeni amemshika mkono wa kushoto. Mwajabu akaugonga. Shangazi akaimba:

*Nani wabisha mlangoni,*
*mna nini cha kutupa?*

Nje wakashangaa, maana hawakuwahi kuulizwa kwa wimbo. Kisha wanawake wa Tabora wakafurahi, wakaupokea, wakajibu kwa sauti ileile kwamba wameleta mume, wameleta mkaja, wameleta heshima. Uwanja mzima ukawa unaimba kunguru bila kujua kwamba ni kunguru. Lilikuwa limebaki moja tu, *ingieni*.

Lakini mtani ni mtani. Mzee Mihayo akapaza sauti akasema yeye hapa haingii. Watu wa Handeni ni wajanja, akasema, shangazi wao hana la kusema, wameweka redio nyuma ya mlango.

Shangazi Mwantumu akautoa mkono wake kwenye mkono wa Mwajabu.

"Redio bibi yako!" akasema.

Hakuimba. Hakugongwa. Alisema, kwa sauti ile ya zamani ya foleni ya maji, ikatoka nzima, ikapita kwenye mbao za mlango ikamfikia Mnyamwezi. Mzee Semgaya alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Sauda, amefunikwa ushungi chumbani, alipiga kigelegele ambacho bibi harusi haruhusiwi kupiga. Na Shangazi, akishangaa kinywa chake, akausukuma mlango kwa mkono wa kushoto akawaimbia waingie kwa salama, huku analia na kucheka.

Ndoa ikafungwa. Watu wakala. Kisha, ndani sebuleni, mshenga akatoa vilivyoletwa, na kimoja kilikuwa mkaja. Mkaja, kwa wale mliozaliwa karibuni, ni ile nguo anayojifunga mwanamke tumboni akishajifungua, na binti anapoolewa upande wa mume humletea mama wa binti mkaja, kumshukuru kwa kumzaa. Mama wa kina Mwajabu hakuwepo kuupokea. Ukawekwa mapajani kwa Shangazi Mwantumu.

Shangazi aliushika, akaupapasa. Kisha akautandaza mbele yake, akagonga paja kwa mkono wa kushoto, akaanza kwa wimbo na kumalizia kwa maneno, akipumzika katikati, na kila mtu akamsubiri. Alisema hivi: "Sauda nimemlea, na leo nimelipwa. Mkaja ni wa aliyezaa. Ulimi wangu umezaliwa juzi. Aliyeuzaa ndiye afungwe mkaja huu. Semeni."

Hapo pilau ikasahaulika. Mwajabu akautazama. Ule ulikuwa mkaja ambao angefungwa mama yake kama angekuwa hai. Aliutaka, aliutaka kuliko shahada, na aliona haya kuutaka hivyo mbele za watu.

Wa kwanza alikuwa Tumpe. Akasema, "Shangazi, nyumba hii ilikusikia ukiimba ikafunga mlango wa jiko. Mimi nilikusikia nikaufungua. Kabla yangu ulikuwa mgonjwa asiye na maneno. Baada yangu ulikuwa mtu mwenye maneno yaliyokosa njia. Bila sikio langu hawa wawili wasingekuwa na pa kuanzia. Mkaja ni wangu."

Wakamjibu kwamba alichofanya ni kufua nguo na kusikia, tena akaondoka kazi ikiwa bado mbichi. Tumpe akasema na waliokaa miezi yote hiyo wakisikia bila kusikia, je?

Wa pili alikuwa Kupaza. Akasema, "Shangazi, wimbo ulikuwa nao tangu hospitali na haukukusaidia kuomba hata maji. Mimi ndiye niliyejua wimbo una njia gani kichwani, na kwa nini ugongwe mkono wa kushoto, na namna ya kutoka kwenye wimbo kufika kwenye maneno. Bila kichwa changu ungekuwa unaimba kunguru mpaka leo. Mkaja ni wangu."

Wakamjibu kwamba kichwa kilikuwa cha kitabu na cha mhadhiri, na kwamba yeye alikuwa amevaa koti jeupe kwenye nafasi ya mwenzake wakati mwiko ukiruka. Isitoshe, mwanamume na mkaja wapi na wapi? Kupaza akajibu kwa upole kwamba kama ulimi unaweza kuzaliwa, basi na mwanamume anaweza kufungwa mkaja. Wanawake wa Tabora wakampigia makofi.

Wa tatu alikuwa Mwajabu. Akasema, "Shangazi, sikukusikia. Sikujua njia. Mimi ndiye niliyekuletea nyumba ya barafu, na mimi ndiye niliyesema mbele yako kwamba maneno hayapo. Lakini mkono huu ndio uliokugonga asubuhi na jioni. Niliacha nafasi yangu, nikakaa. Kusikia ni dakika, kusoma ni usiku, na kuzaa ni uchungu. Mimi ndiye niliyepata uchungu. Naomba mkaja."

Mmoja akasema aliyeukata mti kwa hukumu yake hawezi kudai tuzo kwa kuupanda upya. Mwingine akasema aliyekosa na akarekebisha amefanya kazi mbili. Wakaanza kubishana.

Na katikati ya ubishi akasimama Mzee Mihayo, fimbo mkononi. Akasema vijana hawa ni wazuri, lakini wote watatu walimfundisha mtani wake kuimba. Aliyemfanya aseme ni nani? Neno la kwanza lililotoka bila wimbo lilimtukana bibi yake, na bibi yake ni marehemu, kwa hiyo ukoo wake umeugharamia ulimi huu kuliko mtu yeyote. Mkaja urudi Tabora. Watu wakavunjika mbavu, lakini wengine, wakishamaliza kucheka, wakaanza kutikisa vichwa wakisema mzee naye ana hoja.

Shangazi Mwantumu akainua mkono wa kushoto. Ubishi ukakoma. Akawatazama mmoja mmoja, Tumpe, Kupaza, Mwajabu, na yule Mnyamwezi. Alikuwa ameshaamua, waliokuwa karibu waliyaona macho yake. Akaushika mkaja, akafungua kinywa.

"Mkaja huu," akasema, "ni wa..."

Jina likagoma. Kitabu cha darasani kilisema kwamba majina ya watu ni mzigo mzito kwa wenye maradhi haya, na mara nyingi huchelewa kurudi. Shangazi alihangaika, jasho likamtoka, midomo ikatafuta, na kilichotoka kilikuwa "Jumatatu." Akajipiga kofi mdomoni, nyumba ikacheka naye akacheka. Kisha akauweka mkono wa kushoto pajani akaanza kugonga, polepole, kwa pigo la kunguru.

Kupaza akajikuta naye anagonga gotini. Tumpe akagonga sahani. Mzee Mihayo akagonga sakafu kwa fimbo. Mwajabu naye alikuwa anagonga, mkono wake ulishaanza kabla hajauambia, na hapo alijua kitu ambacho hakukitegemea: kwamba alitaka jina litoke, liwe la yeyote, zaidi ya alivyotaka liwe lake. Lakini mkaja bado aliutaka. Sitawadanganya.

Na jina likatoka. Shangazi Mwantumu aliliimba zima. Ila Sauda, asiyejua kungoja, alipiga kigelegele kabla halijafika mwisho, na wanawake wa Handeni na wa Tabora wakakipokea, na sisi tuliokuwa uani na sahani zetu za pilau hatukusikia kitu. Tulipochungulia dirishani, wote wanne walikuwa wamekumbatiana na Shangazi katikati, na mkaja hatukuona uko kiunoni kwa nani.

Basi mimi siku hiyo nilirudi nyumbani nimeshiba, na swali hili bado linaniwasha, sasa nalitua kwenu. Yupo aliyesikia, yupo aliyejua, yupo aliyeumia baada ya kuumiza, na yupo aliyechokoza. Je, nani alistahili kufungwa ule mkaja?